Feni ya Michée

Fundi Michée alipomaliza kufunga feni ya umeme kwenye pikapu ya Honoré, aliita watu waje washuhudie. Mtaa mzima ulijua kwamba Michée hapendi kufanya kazi bila watazamaji. Akaunganisha waya wa mwisho, feni ikavuma, naye akamshika Honoré mabega akamsimamisha mbele ya gari, uso wake ukielekea grili.

"Sikia mupepo," akasema. "Unasikia ao hausikie?"

"Nasikia, fundi! Nasikia mupaka kwa tumbo."

"Ita bibi yako naye asikie. Kesho asiseme Michée aliwadanganya."

Jemima, mke wa Honoré, aliacha cherehani yake kibarazani, akaja. Upepo ulimpiga usoni ukakiinua kitambaa chake cha kichwa, akakishika kwa mikono miwili, na majirani wakaangua kicheko. Hata Mama Scholastique, mama mzazi wa Honoré, alivuta kigoda chake akakaa mbele ya gari apunge hewa, akasema Mungu awabariki mafundi. Kila mtu alijipatia sehemu yake ya upepo. Na kosa lilikuwa hapo hapo, hadharani, saa nne ya asubuhi, linawapuliza usoni nao wanalichekea.

Feni ya zamani, ile iliyokuwa ikizungushwa na injini yenyewe, ilikuwa imevunjika mapanga mawili. Hii mpya ilitolewa kwenye gari lililopata ajali, ikaletwa kutoka Arua ndani ya gunia. Kwenye gari lile ilikuwa imefungwa mbele ya rejeta. Kwenye pikapu ya Honoré hapakuwa na nafasi mbele, kwa hiyo Michée akaigeuza akaifunga nyuma, uso wake ukitazama rejeta vilevile. Alijua kwamba amebadilisha upande, lakini feni ilizunguka na upepo ulitoka, na mbele ya watu wote wale nani angeanza kujiuliza maswali?

Wiki tatu gari lilifanya kazi bila kulalamika. Honoré alibeba magunia ya watu kutoka soko kuu, akitambaa juu ya mawe na mashimo ya mji, na mshale wa joto ukabaki katikati, umetulia. Alimsifu Michée kwa kila abiria. Jemima naye aliona jambo moja. Zamani, kila jioni alikuwa akibandua majani makavu, manyoya ya kuku na vipepeo waliokufa kwenye grili ya gari. Sasa grili ilikuwa safi kila siku.

"Tangu vantilatere hii ya Michée, uchafu haikamate tena," alimwambia mumewe.

"Ni kitu ya kisasa," Honoré akajibu.

* * *

Familia hii ilitoka upande wa Djugu, ilikimbia vita kama wengine walivyokimbia, ikahamia Bunia, na ilikuwa imechoka kununua maharage ambayo yangeweza kutoka kwenye udongo wake yenyewe. Mwaka huo askari waliweka kambi karibu na kijiji chao. Habari ikaenea haraka kati ya waliohamishwa: kila Alhamisi magari ya jeshi yanapanda asubuhi na kushuka saa nane mchana, anayetaka kulima au kuvuna afuate nyuma yao, kwa kuwa wanamgambo bado wanavizia barabarani. Honoré na Jemima walikuwa wamepanda maharage yao kwa mtindo huo, wakiombaomba nafasi kwenye malori ya watu, kwa kuwa pikapu yao yenye feni mbovu haikuweza safari ndefu, wakikaa juu ya mizigo ya wengine na kutukanwa na matanboi, vijana wa kupakia mizigo. Sasa siku ya kuvuna ilifika, nao walikuwa na gari lao wenyewe, lina feni mpya.

Alhamisi hiyo Mama Scholastique alibaki na watoto watatu. Alimfuata mwanawe mpaka kwenye mlango wa gari.

"Usiache magunia hata moya kule," alisema. "Na usikawie. Ukisikia basoda wanawasha magari yao ya jeshi, weye pia unawasha."

"Mama, mimi si mutoto."

"Najua. Ndiyo maana ninakuambia."

Asubuhi msafara ulikwenda polepole. Ukungu ulikuwa barabarani, malori yalikuwa matupu, na hewa ilikuwa ya baridi. Mshale ulisogea kidogo kupita katikati kisha ukatulia. Honoré aliutazama mara mbili, mara tatu, akarudisha macho barabarani. Jemima alimwona akiutazama, naye akageukia dirisha. Ndivyo watu wa ndoa wanavyofichana hofu, kila mmoja akidhani anamhurumia mwenzake.

Shambani walifanya kazi bila kunyoosha mgongo. Maharage yalikuwa yamekauka vizuri. Waling'oa, wakapiga, wakapepeta kwa haraka mbaya, na mengi yakamwagika. Ilipofika saa saba na nusu walikuwa na magunia kumi na moja kwenye gari. Jemima aliyahesabu kwa kidole, akacheka peke yake. Yalikuwa chakula cha nyumba mpaka mwaka unaofuata, na mbegu, na kitu cha kumpa mama mkwe asinung'unike. Nyumba yao ya zamani ilikuwa hatua mia mbili kutoka hapo, lakini hakuna aliyependekeza kwenda kuitazama.

Saa nane kamili kamanda wa msafara alipita kati ya magari akipiga milango kwa kiganja.

"Tumechelewa," alisema. "Leo tutakimbia. Mwenye kuanguka njiani atajiamusha peke yake. Siye hatusimame."

Hakuna aliyemwuliza kwa nini leo watakimbia. Askari wenyewe walikuwa wamekaa wakielekea nje, bunduki zimelala magotini.

* * *

Kilomita kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha barabara ikanyooka, malori ya mbele yakaongeza mwendo, Honoré akakanyaga mafuta, na mshale ukaanza kupanda.

"Inapanda," Jemima akasema.

"Naiona."

"Vantilatere inazunguka?"

"Inazunguka. Sikiliza. Si unaisikia?"

Kweli ilivuma. Honoré akawasha hewa ya moto ndani ya gari ili ipunguze joto la injini. Ni ujanja ambao kila dereva wa huku anaujua. Wakakaa wakitoka jasho, madirisha wazi, na mshale ukashuka upana wa ukucha. Wakafurahi. Barabara ikainama, wakapata mwendo zaidi, mshale ukapanda tena.

"Ajabu," Honoré akasema. "Nikipunguza, inashuka. Nikikimbia, inapanda. Gari zote zinapoa zikikimbia. Hii yetu inafanya kinyume."

"Punguza basi."

"Nikipunguza watatuacha, Jemima."

Hakupunguza. Dakika tano baadaye mvuke mweupe ulitoka pembeni mwa boneti, injini ikaanza kugonga, na Honoré hakuwa tena na uchaguzi. Alisimamisha gari kwenye kipande cha barabara ambacho nyasi zake zilikuwa ndefu kuliko mtu, pande zote mbili. Nyumba mbili zilizokuwa hapo zamani zilibaki kuta tu, na mche wa boga ulikuwa umetambaa juu ya kizingiti.

Magari yaliwapita moja baada ya jingine. Watu waliwatazama na kisha wakageuza macho, kama watu wanavyogeuza macho msibani wasipomjua marehemu. Jemima aliwapungia mkono wawili ambao aliwafahamu kanisani. Mmoja alipunga pia, gari lake likaendelea. Aibu ile ilimwuma kuliko hofu, na baadaye alijichukia kwamba wakati ule alikuwa na nafasi ya kuona aibu.

Honoré alifunua boneti. Alizungusha kitambaa mkononi akafungua kifuniko cha rejeta kidogo kidogo, maji ya moto yakaruka mpaka kwenye kioo. Feni bado ilikuwa inazunguka. Akapeleka kiganja mbele ya grili, akakutana na upepo, mwingi, wa moto.

"Inafanya kazi!" alipaza sauti, karibu alie. "Mupepo iko! Sasa inachemuka juu ya nini?"

Gari la mwisho la raia kwenye msafara lilikuwa Fuso ya Blanchard, mfanyabiashara wa mbao wa hapo Bunia. Nyuma yake palikuwa na jeep moja tu ya askari, inapiga honi wasikawie. Blanchard alisimama, injini ikinguruma.

"Nafasi iko moya, hapa kando yangu," alisema. "Juu kumejaa, ata kuku haiingie. Haraka, dada."

"Jemima, panda," Honoré akasema.

"Tupande wote. Nitakukalia kwa magoti."

"Na motokari?"

"Iache!"

"Nikiiacha hapa, kesho tutakuta mifupa yake. Tutakula nini? Utashona nguo za nani mupaka ununue ingine?" Aliongea kwa upole, na upole huo ulimtisha mkewe. "Inataka kupoa tu. Nusu saa. Kuko maji pale chini. Nitaijaza, nitakuja polepole. Batoto wako peke yao na mama. Panda."

Jeep ya askari ilipiga honi tena. Mmoja wao akatoa kichwa.

"Weye bibi, unapanda ao unabaki?"

Jemima alipanda. Alipogeuka kutazama, Honoré alikuwa ameinama ndani ya boneti, mgongo wake tu ukionekana, amekwisha kurudi kwenye kazi yake. Hawakuagana vizuri.

* * *

Walifika kwenye bariere, kizuizi cha askari cha kuingia Bunia, saa tisa. Jemima alishuka akasema atamngojea mumewe hapo hapo. Akapiga simu: haipatikani. Alijua kwamba kule mtandao unakamata tu ukipanda mlima mdogo, na Honoré hawezi kuliacha gari. Akapiga tena hata hivyo.

Kando yake palikuwa na gari kubwa jeupe la shirika moja, limesimama injini ikiwaka, dereva akingoja karatasi zake zisomwe. Mfuko mweusi wa plastiki uliruka kutoka mtaroni, ukacheza hewani, ukapita mbele ya gari lile. Jemima aliutazama kwa sababu hakuwa na kingine cha kutazama. Mfuko ukavutwa, ukabandikwa kwenye grili, ukabaki hapo umenyooka kama nguo iliyopigwa pasi.

Aliutazama muda mrefu. Kisha akausogelea, akaubandua, akauachia. Ukabandikwa tena.

"Mama, unatafuta nini kwa motokari yangu?" dereva akauliza.

Jemima alikuwa bado akiutazama mfuko. Alikumbuka vipepeo na manyoya ya kuku. Alikumbuka kitambaa chake kikiinuliwa kichwani. Feni inatakiwa kuvuta hewa kutoka nje na kuipitisha ndani. Ile yao ilikuwa inasukuma hewa kutoka ndani kwenda nje. Mjini, gari likitambaa, ilikuwa sawa tu, kwa sababu upepo ulipita kwenye rejeta, hata kama ni kwa njia ya kinyume. Lakini barabarani upepo wa safari ulikuja kwa nguvu kutoka mbele, feni ikaukataa kutoka nyuma, na palepale kwenye rejeta pepo mbili zikagongana na hewa ikasimama. Ndiyo maana walipokimbia walichemka.

Akapanda pikipiki mpaka kwa Michée.

Fundi alikuwa na wateja wawili, wote wanaume, wamekaa juu ya matairi. Jemima alieleza akihema. Michée alimsikiliza mpaka katikati, akawatazama wateja wake, wakacheka pamoja.

"Bibi ya Honoré sasa ni fundi! Weye, mama, mimi nimekujaka kukufundisha kushona? Ile kazi niliifanya mbele ya watu. Weye mwenyewe ulisikia mupepo."

"Niliisikia kwa uso, fundi. Juu ya nini niliisikia kwa uso?"

Michée akaacha kucheka. Wateja walikuwa wameacha kucheka, si kwa sababu walielewa, bali kwa sababu yeye ameacha. Alichana ukurasa wa daftari lake, akaenda kwenye gari la mteja, akaliwasha, akangoja feni yake ianze, akauweka ukurasa mbele ya grili na kuuachia. Ukurasa ukanasa. Alisimama akiutazama, mikono yake ya grisi imening'inia.

"Ni waya mbili," akasema kwa sauti ndogo. "Rouge, ile nyekundu, anaweka fasi ya noire, ile nyeusi, noire fasi ya rouge. Inageuka. Dakika mbili, ata clé ya kufungulia haihitaji mingi."

"Na moteur, injini yenyewe?"

"Kama kulase, kile kichwa cha injini, haijapasuka, itafika hapa bila shida."

Hakusema samahani. Jemima aliingoja kidogo, kisha akaona kwamba anapoteza wakati.

* * *

Alirudi bariere akamkuta Mama Scholastique amefika, amewaacha watoto kwa jirani. Mzee alikuwa amesikia kwamba msafara umeingia, akahesabu magari ya watu, na hakuliona la mwanawe.

"Mutoto wangu iko wapi?"

"Alibaki na motokari, mama. Ilichemuka."

"Na weye uko hapa."

Hakupaza sauti. Watu waliokuwa karibu walisikia, wakatazama chini. Jemima alikubali maneno yale yamwingie, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amejiambia hayo hayo njia nzima.

Akapiga simu mara tisa. Kisha akaandika ujumbe, akiusoma kwa sauti ili mkwe wake ausikie: *Honoré, vantilatere inapuliza kwa mbele ndiyo maana. Geuza zile waya mbili, rouge fasi ya noire. Weka maji halafu kuya. Itapoa. Usikawie.* Akautuma. Simu ikaonyesha kwamba umeondoka lakini haujafika.

Askari wa bariere waliulizwa kama jeep inaweza kurudi. Wakasema wataripoti. Wakaulizwa tena baada ya robo saa, wakasema wamekwisha kuripoti. Mmoja alimletea Mama Scholastique bidoni tupu ya mafuta akalie, na hiyo ndiyo huruma iliyopatikana hapo siku hiyo. Jua lilishuka upande wa Mambasa. Barabara ilibaki tupu kabisa, hata pikipiki haikutokea, na wale wenye kuuza ndizi walianza kufunga vitu vyao mapema.

Saa kumi na moja na dakika ishirini simu ya Jemima ililia mlio mfupi. Ujumbe umefika.

"Umefika!" alipiga kelele, akamshika mkwe wake mikono. "Mama, umefika! Iko na rezo, simu inakamata! Amesoma!"

Mama Scholastique alifanya ishara ya msalaba. Alimkumbatia Jemima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya arusi. Walihesabu pamoja: dakika mbili za waya, dakika tano za maji, saa moja ya njia kwa mwendo wa polepole. Atafika giza likiingia. Jemima alisema atampikia maharage mapya usiku huo huo, hata yakichemka mpaka usiku wa manane. Akapiga simu, ikaita, ikaita, haikupokelewa. Akajiambia mikono yake iko kwenye waya.

Saa kumi na mbili kasorobo simu ililia, na jina la Honoré likaonekana.

"Honoré! Uligeuza?"

Alisikia injini ya pikapu yao. Hakuweza kukosea, kulikuwa na bati moja lililokuwa likitetemeka chini ya gari tangu walipolinunua. Injini ilizunguka vizuri, bila kugonga.

"Maman," sauti ikasema. Ilikuwa ya kijana, yenye adabu. Haikuwa ya Honoré. "Mesaje yako tulisoma. Tuligeuza zile waya. Kweli, moto imeshuka. Aksanti."

Jemima akaibana simu sikioni. Mama Scholastique alikuwa akimtazama usoni, akitabasamu, akingoja.

"Mwenye simu iko wapi?"

"Maman, kuko kitu ingine. Huile, mafuta ya moteur, inaonekana kidogo. Inakunywaka ya gani?"

"Mupatie bwana yangu simu. Yeye atakuambia."

"Ninakuuliza weye."

Alisikia mtu mwingine akiongea, na mlango ukifungwa, na kitu kizito kikitupwa chini, huenda gunia. Kijana hakuwa amesema kwamba Honoré yupo. Hakuwa amesema kwamba hayupo. Maadamu alikuwa na swali, alikuwa bado kwenye simu, na Jemima hakuwa na kamba nyingine ya kushika.

"Ni ya quarante, namba arobaini," akasema. Aliyasema kwa sauti ya heshima, ile anayotumia kwa wateja. "Bidoni iko nyuma ya kiti. Usiweke mingi. Tafazali, papa, weka kidogo tu, halafu umupatie simu."

"Nyuma ya kiti," kijana akamwambia mtu aliyekuwa naye. Kisha akarudi kwenye simu. "Aksanti, maman. Motokari yenu iko muzuri."

Simu ikakatika. Jemima akapiga palepale. Ilikuwa imezimwa.

"Alisema nini?" Mama Scholastique aliuliza, akiinuka kwenye bidoni, akijipangusa vumbi nguoni kama mtu anayejiandaa kumpokea mgeni. "Motokari imepona?"

"Imepona, mama," Jemima akasema.